Sufuria Yangu na Mgongo wa Ndinda

Kwa Muthama,
S.L.P. 31,
Kathonzweni.

25 Mei, 1987.

Mpendwa wifi yangu Nthenya,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote tulio hapa nyumbani. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na bwana yako Wafula na watoto, na kwamba ile homa ya kifungua mimba wako imekwisha. Sisi huku hatujambo. Kaka yako Muthama bado yuko Emali, anawajengea watu nyumba za mawe, na hapa kwetu huja mwisho wa mwezi. Mbinya yuko darasa la nne na anasoma vizuri.

Mvua ya mwaka huu ilinyesha siku tisa tu, kisha ikatuaga. Mahindi yamekauka yakiwa na urefu wa goti, lakini mbaazi na ndengu zimesimama, kwa hivyo hatutalala njaa. Ng'ombe mwekundu amezaa. Habari njema zimeishia hapo.

Naandika kwa Kiswahili ili Wafula naye asome, maana humu kuna maneno ya mgongo, na yeye hubeba magunia ya mahindi kila siku. Maneno mengine si yake, ayapite tu.

Barua yako ilinifikia Jumamosi. Niliisoma mara mbili: mara ya kwanza nikiwa nimesimama sokoni, mara ya pili jikoni nikicheka peke yangu. Unasema Ndinda amekuandikia kwamba ameshikwa na mgongo tangu Pasaka, na kaka yenu mkubwa Kiema amepewa tarehe ya kumpeleka Nairobi kwa daktari wa kupasua, tarehe mbili Julai. Unasema analia kwa kuogopa kisu. Unaniomba mimi, kwa kuwa mgongo wangu ulipona bila kisu, nimwonyeshe nilivyofanya, na nisahau yaliyopita kwa sababu sisi wawili ni wake wa ndugu, tumeolewa boma moja.

Wifi, sitakuficha. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaongeza sukari kwenye chai. Mungu anisamehe, ila asiharakishe, maana sijamaliza kufurahi.

Wewe uko mbali na umesikia upande mmoja tu. Keti nikueleze.

Mwethya wetu unaujua, lakini Wafula haujui. Kila nyumba hutoa mwanamke mmoja, Jumanne na Alhamisi, tunachimba matuta leo shamba la huyu, kesho shamba la yule, ili udongo usiende na maji. Asiyefika bila sababu, kundi zima humwendea kwake likiimba, linachukua chombo, na chombo hicho hakirudi mpaka achimbe siku alizokosa. Ni sheria nzuri. Mimi mwenyewe nimewahi kuimba nikiwa nimebeba karai la mtu. Na mwenyekiti wetu, tangu mwethya uanze, ni Ndinda.

Sasa, Novemba ya mwaka wa themanini na tano, nilikuwa natoka mtoni na debe la maji mgongoni, kamba ya ngozi kwenye paji la uso kama kawaida yetu. Kata ya kuchotea maji ikaanguka, nikainama kuiokota. Kiuno kikalia ka! Nilibaki pale pale njiani kwa mikono na magoti, maji yakinimwagikia shingoni. Nilibebwa hadi nyumbani kama mtoto. Wiki tatu nililala kwenye kile kitanda cha kamba zilizolegea, na kugeuka tu ilikuwa kazi ya kupanga kwanza.

Wiki ya pili nikasikia nyimbo. Kaka yako hakuwepo. Waliingia jikoni, Ndinda mbele, na unajua walichukua nini? Ile sufuria kubwa uliyonibebea wewe kutoka Kitale nilipojifungua Mbinya, ile ya kupikia watu thelathini. Nikamwambia nikiwa kitandani, "Ndinda, mimi ni mgonjwa, hata kukaa siwezi." Akasimama mlangoni, akawageukia wenzake: "Ugonjwa gani? Damu hakuna, homa hakuna, kuvimba hajavimba. Huyu ako na uvivu tu, na uvivu hauna hospitali."

Wimbo akautunga yeye. Kwa Kikamba ni mtamu, lazima niseme ukweli, ana kipaji yule mwanamke. Maana yake ni hii: mgongo wa uji, mgongo wa uji, ukiona jembe unamwagika. Uliimbwa kwenye matuta, ukaimbwa mtoni, Mbinya akauleta kutoka shule bila kujua ni wa mama yake. Na Jumapili ya kwanza niliyoweza kujikokota hadi kanisani, Ndinda akasimama kuomba, macho amefunga: "Bwana, waondolee akina mama wa huku roho ya uvivu." Kanisa zima likasema amina. Nilikuwa benchi la nyuma, nimeuma pindo la leso. Siku ile nilijiambia kwamba huyu nitamlipa, hata ikichukua miaka.

Kupona nako kulinihangaisha. Nilimeza vidonge vya dukani mpaka tumbo likaanza kuwaka. Mzee mmoja wa upande wa Kitui akanichanja chale kumi na mbili kiunoni na kunipaka unga mweusi; mgongo uliendelea kuuma vile vile, na sasa ngozi nayo ikauma. Ndipo Muthama akanipeleka hospitali ya wilaya. Niliwaaga watu nikidhani nakwenda kupasuliwa. Wakanipiga picha, daktari akasema hakuna cha kupasua, akanituma chumba cha mazoezi kwa mwanamke mmoja anayeitwa Kaluki, mfupi, sauti ya askari.

Hapa Wafula asome polepole. Kaluki alianza kwa kunigombeza kwa zile wiki tatu za kitanda. Alisema maumivu yakiwa makali pumzika siku mbili, tatu, halafu inuka utembee, hata kama ni kuzunguka nyumba tu, maana mgongo unaolazwa unashika kutu kama bawaba. Akaniambia niachane na kitanda cha kamba, nilale juu ya mbao na godoro jembamba, mto chini ya magoti. Chumvi niikaange, niifunge kwenye kitambaa, niiweke kiunoni dakika ishirini, isiwe ya kunichoma. Haiponyi, alisema, inalegeza tu ili mazoezi yawezekane. Vidonge ni vya siku mbaya, si chakula. Kisha mazoezi yenyewe, asubuhi na jioni. Unalala chali na kuvuta goti moja kifuani, halafu lingine. Unainua makalio, unashikilia, unashusha. Unalala kifudifudi na kuinua kifua kwa viwiko. Unasimama kwa mikono na magoti, unakunja mgongo juu kama paka aliyeona mbwa, unaushusha. Kila moja mara kumi, polepole, kwa mdundo mmoja. Siku ya kwanza nililia. Baada ya miezi miwili nilikuwa nachuma mbaazi.

Na unajua nilitumia mdundo gani? Ule wimbo. Ulikuwa umenikaa kichwani, haukutaka kutoka. Mgongo wa uji, navuta goti. Ukiona jembe, nashusha. Kila asubuhi nilijitibu kwa matusi ya Ndinda, na kila nilipofika kumi niliongeza moja ya kumlaani.

Nikarudi mwethya. Maji sasa hubebwa na punda, na fundi alinitilia jembe mpini mrefu ili nisikunjike. Wakalicheka, wakaliita jembe la twiga. Nilichimba siku zote sita za zile wiki tatu za kitanda, maana zilizofuata nilikuwa na cheti cha hospitali, nikaenda kudai sufuria yangu. Ndinda akaniambia siku ya mpini mrefu huhesabiwa nusu. Nusu, wifi! Nikazichimba tena siku sita, kwa jembe lile lile, akasema atauliza kamati. Kamati ni yeye. Mpaka leo sufuria iko kwake na anaipikia wageni.

Basi ikaja Jumanne baada ya Pasaka. Mwethya ulikuwa shambani kwake, na chakula ni muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, na maharagwe ndani ya sufuria yangu. Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe, hatua kumi kutoka motoni. Nikamwona anakwenda kuiteremsha peke yake, hataki kusaidiwa na mtu, miguu ameinyoosha, kiuno amekikunja, halafu akazunguka nayo. Nilijua kabla yake yeye. Ningeweza kupiga kelele. Sikupiga.

Alitoa sauti ile ile niliyotoa mimi njia ya mto. Sufuria ilifika chini salama, yeye akabaki ameinama juu yake kama anayenusa mchuzi. Wanawake wakamkimbilia. Mimi nilichukua sahani yangu nikajipakulia. Nyuma yangu mmoja wao akaanza kuvumisha ule wimbo, mdomo amefunga. Hakuna aliyecheka, lakini pia hakuna aliyemnyamazisha.

Tangu siku hiyo namtazama. Dirisha la jikoni kwangu linaangalia njia ya choo chao. Namwona akienda kwa fimbo, kwa hivyo miguu ina nguvu. Mablanketi yake hayaanikwi asubuhi, kwa hivyo mkojo anauzuia. Hayo mawili nilifundishwa na Kaluki: miguu ikifa ganzi, au mkojo ukikataa kutii, hapo si mambo ya mazoezi tena, ni kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo. Ningeona dalili hizo ningekwenda kumwita Kiema mimi mwenyewe. Nina kisasi, sina roho ya kuua. Lakini sijaziona. Ana mgongo kama uliokuwa wangu, na hii ni wiki ya tano yuko kwenye kitanda cha kamba, akimeza vidonge, akirudia makosa yangu yote kwa mpangilio ule ule. Naona utamu kumtazama. Nimejaribu kuuombea huo utamu uondoke, haujaondoka.

Na kinachoniuma zaidi ni hii barua yake kwako. Kutoka mlango wake hadi mlango wangu ni hatua mia mbili na kumi. Nimezihesabu. Choo chao kiko katikati, anafika pale kila siku na kugeuka. Hakuja. Hakumtuma Kiema. Alichukua kalamu akaandika Kitale, kupita Nairobi, kupita Nakuru, ili wewe uniandikie mimi jirani yake nimhurumie. Na katika barua yako hakuna neno sufuria wala neno wimbo, kwa hivyo najua hakukutajia. Anataka mgongo upone na kichwa chake kibaki juu.

Nimefikiri siku mbili na nimeamua. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya pili. Nimechora watu wa vijiti, zoezi kwa zoezi, nikaandika chumvi na mbao na yote aliyosema Kaluki, pamoja na zile dalili mbili za hatari. Sikupunguza hata moja, ingawa shetani alinishika mkono kwenye lile la viwiko. Nimeandika pia kwamba kabla ya kukubali kisu aombe kwanza kupelekwa chumba cha mazoezi, maana migongo mingi haihitaji kupasuliwa. Wafula ainakili kwa faida yake. Halafu wewe umtumie Ndinda.

Mtumie kwa posta. Usimpe mtu anayesafiri, wala usilipie ya haraka. Alivyoomba ndivyo atakavyopewa. Barua yako ilichukua siku kumi kunifikia, kwa hivyo kwenda siku kumi na kurudi siku kumi, ni wiki tatu kasoro siku moja, na mimi nililala wiki tatu. Itamfika kabla ya tarehe mbili Julai, nimehesabu mara mbili kwenye kalenda ya kanisa. Wacha dawa yake izunguke Kenya kwanza.

Najua utasikitika ukisoma haya, kwa sababu wewe una moyo wa marehemu mama yenu. Mimi nina wangu. Ukija Desemba utanigombeza uso kwa uso, nami nitakuchinjia kuku na kukusikiliza.

Nisalimie Wafula, na umwambie akiinua gunia akunje magoti, asikunje kiuno. Nisalimie watoto wote, na binamu yetu Kivuva ukimwona kwenye kanisa la hapo mjini. Muthama na Mbinya wanakusalimu sana. Mwenyezi Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe mvua kwa wakati wake, na zaidi ya yote akulindie kiuno, maana nyumba nzima hukitegemea.

Ni mimi wifi yako nikupendaye, tena sana,

Syombua, mke wa Muthama.

Nimesahau jambo. Usishtuke ukiona mstari wa mwisho wa ile karatasi, ni wa Ndinda mwenyewe. Nimemwandikia hivi: "Dawa ya kwanza ni kutembea. Anza na hatua mia mbili na kumi, mpaka jikoni kwangu. Sufuria usiibebe, nitaifuata mwenyewe. Mazoezi nitakuhesabia mimi. Wimbo utaimba wewe."