Nani Kampa Sikudhani Andazi?

Jumanne, 12 Agosti 2025

"Ngano na maziwa ndivyo vinavyoufunga ubongo wa mtoto mwenye usonji. Viondoe, mpe kidonge cha vimeng'enya vya kusaga chakula kabla ya kila mlo, na mtoto atafunguka."

Huyo ni Abdulrazaq, anayejiita mtaalamu wa lishe, sauti tamu kama halua, kwenye kundi la WhatsApp la akina mama. Shamsia kanirushia asubuhi. Chini yake kaandika: Mama mkubwa, sikiliza mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Nimesikiliza mpaka mwisho. Nimekasirika kwa utulivu.

Haya. Mtoto wa Khamisi kule deltani, Maparoni, ana usonji pia. Tangu aachishwe ziwa anakula wali, samaki, tui, muhogo. Ngano anaionja Idi. Maziwa ya ng'ombe kayaona labda kwenye picha ya kopo. Hasemi, na vifuu vya nazi anavipanga mstari mmoja kutoka mlangoni mpaka jikoni. Ukigusa kimoja, kilio. Ngano ipi imemfunga huyo? Abdulrazaq, panda boti uje unionyeshe!

Na tafiti zenyewe nimezisoma, si vichwa vya habari. Watoto wachache, muda mfupi, matokeo yanapishana. Nimemwandikia Shamsia aya tano. Kajibu: Sawa, Mama mkubwa.

"Sawa" ya Shamsia naijua. Ni binti wa mdogo wangu, lakini kichwa kachukua kwangu. Ameshanunua.

Alhamisi, 14 Agosti

Ameshanunua. Chupa ya vidonge iko juu ya friji, karibu na Msahafu.

Nimekwenda kwao baada ya alasiri. Mwanawe Sikudhani, mwenye usonji, alikuwa chini, anazungusha mfuniko wa sufuria, hakuniangalia. Kawaida yake, sijawahi kumdai salamu. Miaka sita, na vyakula anavyokubali ni andazi, chapati, tambi, chai ya maziwa, na wali mkavu akiamka vizuri. Sasa toa ngano, toa maziwa. Kinabaki nini? Wali, na bahati.

Nikasema hivyo. Nikasema mengi. Nikataja mifupa, nikataja uzito, nikataja wauza matumaini kwa jumla na kwa rejareja. Mdogo wangu Zawadi, bibi yake mtoto, akawa anachambua mchele kana kwamba redio inaongea.

Shamsia hakupandisha sauti. Akasema, "Mama mkubwa, wewe unashinda kwa maneno. Usiku ninayeamka naye ni mimi."

Jibu nimelitafuta njia nzima mpaka nyumbani.

Jumapili, 17 Agosti

Shamsia kapita na mtoto. Akiwa uani kwenye simu, Sikudhani akaenda kwenye kabati langu, mlango wa chini, ninapoweka chapati. Akasimama. Akasubiri. Mashavu yameanza kupungua.

Nikamkatia nusu. Kala yote, kajifuta mikono kwenye kanga yangu. Hakuna aliyeona.

Lishe yao na iendelee. Tumbo la mtoto haliwezi kusubiri mjadala uishe.

Jumatano, 27 Agosti

Hili silipendi, lakini limetokea: mtoto ana nafuu.

Shamsia kapiga simu, maneno yanagombana kutoka. "Mama mkubwa, hajashika tumbo wiki nzima! Analala mpaka adhana! Na jana kakubali kusukwa — mistari sita, katulia!"

Sikudhani, anayepiga kelele akiona kitana tu!

Nimekwenda kuangalia. Kweli. Tumbo lililokuwa gumu kama ngoma limelegea. Kanitazama, sekunde nzima labda. Na uzito haujashuka zaidi. Zawadi alikuwa anachota maji, na mapipa yamejaa.

Nimefurahi. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe: nimefurahi. Na nimeudhika. Abdulrazaq kashamwomba Shamsia arekodi ushuhuda.

Jumatatu, 1 Septemba

Shamsia anaondoka Jumamosi. Mahege, kwa mama mkwe, mpaka mwezi uishe. Ati hapa Kibiti watu ni wengi, nyumba haina utulivu. Kule shambani atasimamia kila tonge mwenyewe, kisha arekodi ushuhuda, akina mama wa delta nzima wausikie.

Nimemwambia heri. Nini kingine? Mtoto analala.

Jumatano, 3 Septemba

Loo!

Tulikuwa kwa Zawadi tunamenya vitunguu vya maulidi. Sisi watatu — mimi, yeye, na Damyanti wa duka la jirani, aliyeleta iliki akakaa kama anavyokaa kila mwaka, kisu anacho chake. Shamsia alikuwa amekwenda sokoni. Sikudhani yuko na mfuniko wake.

Mara kanyanyuka, kamwendea Damyanti, kaingiza mkono kwenye mkoba wake. Bila kupapasa! Katoka na biskuti.

Damyanti akawa mwekundu. "Bi Ashura, usiniangalie hivyo. Kila asubuhi anakuja anasimama kaunta. Mtoto mwenye njaa nimfukuze? Nitajibu nini kwa Mungu wangu?"

"Kila asubuhi?"

"Jumapili biskuti mbili-mbili. Duka nafunga mapema."

Nikacheka. Kisha nikamwona Zawadi anakata kitunguu kimoja vipande vidogo mno, vya kuficha mtu.

"Na wewe?"

"Mimi nampa tambi tu, dada."

"Tambi ni ngano, Zawadi!"

"Tambi ni tambi! Mkate ndio ngano." Kisu kikasimama. "Na andazi. La Mwamvua wa pale njiani. Moja. Asubuhi na jioni."

"Hiyo si moja, mama," akasema Damyanti.

Nikauliza vidonge, je? Shamsia huvifungua, unga anaumwagia kwenye uji. Mtoto ananusa, anasukuma bakuli. Shamsia akitoka, Zawadi anawamwagia bata.

"Ndiyo maana wamenona hivi?" Damyanti kauliza.

Tulicheka mpaka machozi, vitunguu vikapata lawama. Kisha nikawaambia chapati yangu ya Jumapili. Zawadi hakunipa nafasi: "Ya Jumapili, dada? Na ile ya Jumatano? Na ya juzi? Mtoto anarudi ananukia samli ya kwako!"

Basi. Nyumba tatu, mtoto mmoja. Kila mtu alidhani ni yeye peke yake. Shamsia hajaondoa ngano hata siku moja. Kaondoa ngano anayoiona yeye.

Aliyeacha kucheka kwanza ni Zawadi. "Dada. Mahege hatutakuwepo."

Alhamisi, 4 Septemba

Nimefikiri vizuri, mwendo wa kunywa chai.

Hoja ninayo mkononi, na sijawahi kuwa na hoja nzuri kama hii. Mtoto kapata nafuu huku anakula ngano kutwa, na vidonge wamekula bata! Nikiandika hilo kwenye kundi, Abdulrazaq hana pa kusimama.

Lakini hoja nzuri huwa naigeuza niione mgongo. Basi nafuu imetoka wapi? Kipi hasa kiliondoka? Maziwa. Muuza maziwa wa baiskeli alikatazwa kusimama mlangoni, na sisi wezi wa ngano hakuna hata mmoja aliyempa maziwa ya kunywa. Damyanti chai yake humpa ya rangi. Tumbo likalegea. Mtoto asiyeumwa tumbo hulala. Aliyelala hukubali kitana. Pengine ni hivyo tu. Wako watu wazima wengi hapa mjini, maziwa yanawavimbisha, na hakuna anayewauzia chupa.

Kwa hiyo Abdulrazaq kapatia nusu, bila kujua, na si kwenye ubongo anakodai: ni kwenye tumbo. Usonji uko palepale, na Sikudhani ni Sikudhani. Naandika kapatia nusu. Nimeandika. Kalamu haikuvunjika.

Dawa ni hospitali wampime hilo tumbo, na mtu anayejua lishe amwambie Shamsia cha kuweka pahala pa maziwa. Si Mahege. Mahege ndiko lishe hii itaanza kweli, na mtoto atabaki na wali mkavu tu, akiamka vizuri.

Nimemwambia Zawadi tumwambie leo. "Baada ya maulidi, dada. Nakuomba. Akijua mimi mama yake nimemzunguka, hatanisamehe." Nikakubali.

Ijumaa, 5 Septemba

Maulidi yamesomwa vizuri. Pilau imetosha. Hakuna aliyemwambia.

Zawadi kasema kichwa kinamgonga. Damyanti kasema hilo ni la ndugu, yeye jirani tu. Na mimi, niliyebishana na maprofesa redioni, nimesimama mbele ya Shamsia na sahani mkononi nikasifu mitandio. Alikuwa anacheka. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilimwona anacheka.

Jumamosi, 6 Septemba

Saa nne asubuhi. Nimewaita wote kwangu. Zawadi kafika, kajificha uani, anajifanya anaanua nguo — nguo zangu, mbichi bado. Damyanti anasema anakuja, anakuja, ana mteja.

Na Shamsia kaja kuaga. Begi liko kibarazani, bajaji imesimama nje.

Mtoto hakunisalimu. Kapita sebule, moja kwa moja kabatini, mlango wa chini. Kaufungua mwenyewe. Kasimama. Anasubiri.

Shamsia kamtazama. Kisha kanitazama mimi. Nikasema nafuata miwani chumbani. Miwani iko usoni.

Naandika nimesimama. Nasikia bajaji inanguruma, na mlango wa kabati bado haujafungwa.

Basi natoka, na nitawaambia hivi: nyinyi wawili, na mimi wa tatu, niliyeandika aya tano nikaficha nusu chapati: inatosha! Zawadi, ziache hizo nguo, ingia ndani. Damyanti, funga duka, mteja atarudi. Simameni hapa mbele ya Shamsia, kila mmoja ataje kwa kinywa chake alichompa mtoto huyu, na mkono uliompa — sasa hivi, kabla begi halijapanda.