Bomba la Kambi ya Chini

Alhamisi, 9 Julai 1953

Lamboni tena kabla ya jua. Ng'ombe walitangulia, kama kawaida yao. Maji rangi ya chai ya maziwa. Nimechota, nimechuja kwa kanga, nimechemsha, na bado yananuka kwato.

Mwaka umepita tangu Salim anitoe Mombasa kunileta huku Geita, machimboni. Mengi nimeyazoea. Ugali wa mtama, nimeuzoea. Michembe, vile viazi vyao vya kukaushwa, naipenda kabisa, ingawa siwezi kukiri mbele ya dada zangu. Baridi ya alfajiri. Kuambiwa "habali ya asubuhi" na kila mtu. Hata jina nililopewa, Mama Mombasa, kwa kuwa sina mtoto wa kuitiwa. Nazi tu ndiyo naililia.

Lakini maji haya siyazoei. Kambi ya Juu, kwa Wazungu, bomba liko jikoni, liko bafuni, liko bustanini kwenye mawaridi. Na bomba hilohilo linapita nyuma ya choo chetu, huku Kambi ya Chini. Maji yakipita ndani tunayasikia.

Nimekasirika. Basi.

Jumapili, 12 Julai

Gazeti limefika, la zamani kama kawaida. Nimemsomea Mama Kulwa, jirani yangu, huku akimnyonyesha Doto, na Kulwa, pacha wake, akichezea mchanga miguuni mwetu. Habari za vita vya Kenya tu. Watu msituni, watu vizuizini.

Tangu vita hivyo vianze, kila anayetoka Kenya anatazamwa huku kama amebeba panga chini ya nguo. Mwenye duka ameniuliza kama nami nimekula kiapo. Mimi! Mtu wa Mombasa, buibui langu begani! Kiapo nilichokula ni cha ndoa peke yake.

Maoni yangu, ambayo hakuna aliyeyauliza: ukimpokonya mtu shamba lake halafu ukamwita mkorofi, ukorofi umeanza kwako. Salim amenikataza kusema hivyo hadharani. Ndiyo maana naandika.

Mama Kulwa naye ana lake. Baba yake, upande wa Segese, ameamriwa apunguze ng'ombe na achimbe matuta shamba zima. Alisikiliza gazeti mpaka mwisho, kisha akasema, "Ng'ombe wa baba wameandikwa wote, hata ndama. Wanangu hawa hakuna aliyewahi kuuliza wako wangapi."

Nikamwinua Kulwa nikampangusa mchanga.

Jumatano, 22 Julai

Doto anaharisha. Macho yameingia ndani. Dresa, mhudumu wa zahanati ya mgodi, ametoa dawa nyeupe na kusema wachemshe maji. Kwa kuni zipi? Kuni zenyewe zimekuwa mbali kuliko lambo.

Nimekaa na Mama Kulwa kutwa nzima. Uji mwembamba, chumvi kidogo, kijiko baada ya kijiko. Anatapika, tunaanza upya.

Nyumba ya mwisho kwenye mstari wetu, ya yule fundi wa Kinyasa, mtoto wao amefariki leo mchana. Tumbo hilohilo. Alikuwa hajaanza kutembea. Nimeona kaburi lake. Dogo mno.

Jumamosi, 1 Agosti

Doto ameketi mwenyewe na kudai chakula! Mama Kulwa amecheka na kulia kwa pamoja. "Wabeja," ananiambia, "wabeja sana," ndiyo ahsante ya Kisukuma, nami sikufanya chochote ila kushika kijiko.

Redio ya dukani imesema vita vya Korea vimesimamishwa. Wakubwa wa dunia wameweza kukaa meza moja na kuelewana. Hapa bomba moja limetushinda.

Maana nilikwenda kuliomba. Nyapara wa kambi hakutaka hata kunisikiliza, nikapanda mwenyewe mpaka ofisini. Nikasimamishwa juani, mtunza bustani akinywesha mawaridi mbele yangu. Bwana Meneja akatoka. Kiswahili chake ni cha kuamrisha tu.

"Mama, ngoja. Mwaka ingine."

Mwaka mwingine! Yule mtoto wa Mnyasa naye angengoja?

Nimerudi nyumbani. Nimekwangua sufuria mpaka imeng'aa.

Jumanne, 4 Agosti

Leo lamboni hatukuchota upesi. Tulikaa.

Kila mtu alitaja mtoto wake aliyeugua. Ilichukua muda. Mmoja akasema wanaume wagome. Mwingine akamkumbusha wale waliogoma mwaka jana, waliofukuzwa siku ileile na vitanda vyao vikatupwa barabarani. Halafu Mama Kulwa, aliye mpole hata kuku wanamdharau, akasema:

"Sisi je? Hatukuajiriwa. Atatufukuza kazi gani?"

Tulicheka. Kisha tukaacha kucheka, tukatazamana.

Tumekubaliana. Jumatatu hakuna mwanamke atakayechota wala kupika. Tutakaa getini kwa mgodi na vyungu vitupu. Wasukuma, Wanyamwezi, Wajaluo, Warundi, yule mama wa Kinyasa mwenye msiba wake. Kila neno lilipita kwenye lugha tatu nne, na katikati yake Kiswahili. Nimekicheka sana Kiswahili cha watu hawa. Leo ndicho kilichotukalisha pamoja, na mwenye aibu ni mimi.

Wakauliza nani atasema mbele ya Mzungu. Wote wakanitazama.

Ijumaa, 7 Agosti

Nimemwambia Salim. Tumegombana vibaya.

Salim ni mwendesha winchi. Anashusha watu chini ya ardhi na kuwapandisha, kazi ya heshima, hakuna Mwafrika hapa mwenye kubwa kuliko hiyo. Anajua atapoteza nini. Hakupiga kelele, afadhali angepiga.

"Wewe ni mtu wa Kenya, Zuhura. Mwaka huu! Watakutia kwenye lori kama gunia wakurudishe. Nami nitabaki na nani?"

Nikamwambia sijaiba, sijamwua mtu, nataka maji. Akasema mwaka huu hawaulizi.

Ana haki ya kuogopa. Naogopa pia. Nilidhani nitasema basi, naacha. Badala yake nimetenga chungu cha kwenda nacho getini.

Jumapili, 9 Agosti

Salim amekula akatoka uani. Ameshinda akitengeneza kiti ambacho hakijavunjika.

Nimefunga sanduku langu, ikiwa watakuja na lori.

Jumatatu, 10 Agosti

Naandika hivi mkono ukiwa mwepesi kama wa msichana.

Nilifika getini wa kwanza nikadhani nitakuwa peke yangu. Kisha nikaona kanga ya Mama Kulwa, Doto mgongoni. Kisha wakaja. Wakaja kutoka kila mstari wa nyumba, vyungu kichwani, debe, sufuria, hata bibi mmoja na kibuyu. "Mwangaluka, mwangaluka," wanaamkiana kama wanaokwenda harusini. Tukaketi chini mbele ya geti na kupindua vyombo vyetu.

Wanaume wa zamu ya usiku wakatoka wakakuta hakuna moto hata nyumba moja. Wa zamu ya asubuhi wamefika na matumbo matupu. Wengine walinung'unika. Mume wa Mama Kulwa alimwamuru arudi nyumbani. Akamjibu kwa Kisukuma, polepole, na sijui alimwambia nini, lakini yule bwana aliondoka akaenda kusimama na wenzake.

Nyapara akaja na kiboko. Akakizungusha hewani. Hakuna aliyeinuka. Hakujua ampige nani kwanza, akakishusha.

Bwana Meneja akaja.

"Nani mkubwa yenu?"

Nikasimama.

"Hatuna mkubwa, Bwana. Tunataka bomba kambini. Watoto wanakufa."

Akanitazama, akanikumbuka. "Wewe mtu ya Kenya. Mimi naita polisi. Kesho wewe kwenda."

Wanawake wote wakasikia.

Hapo honi ya zamu ikalia. Wanaume wakajipanga kwenda shimoni, kwa kuwa asiyejipanga hana kazi. Nikasema moyoni, basi imekwisha. Ndipo nikamwona Salim anatoka kibanda cha winchi, anajifuta mikono kwa kitambaa. Akaja mpaka mbele ya Bwana Meneja akavua kofia.

"Bwana, sheria ya mgodi inasema mwendesha winchi asiyejisikia vizuri asishushe watu. Sijala. Sijanywa. Tazama mkono wangu."

Akaunyosha mbele ya watu wote. Ulikuwa unatetemeka kweli.

Akaitwa mwenzake, Mnyamwezi mmoja mnene asiyeugua hata mafua. Naye akanyosha mkono, akasema kizunguzungu.

Hakugoma mtu. Zamu nzima ilisimama kwenye mstari wake, tayari kabisa kwa kazi, na hakukuwa na wa kuishusha. Gurudumu la winchi likasimama. Sijawahi kusikia kimya kama kile tangu nije hapa. Kisha bibi wa kibuyu akapiga kigelegele, na geti zima likalipuka.

Mume wangu! Yule mwoga wangu!

Jumanne, 11 Agosti

Tulikwenda kulala, alfajiri tukarudi kuketi palepale. Watu wametafuna michembe mikavu na karanga. Kesho imefika, nikasema, sasa lori langu linakuja.

Likaja gari la bomani. Polisi, na Bwana Shauri mwenyewe, Mzungu wa serikali ya wilaya. Kijana, shingo nyekundu kwa jua, lakini Kiswahili anakijua. Bwana Meneja akanionyesha kidole kabla hata gari halijazimwa.

Bwana Shauri akaniuliza natoka wapi. Nikasema Mombasa, mtaa wa Kibokoni, na hapa nimemfuata mume wangu. Akauliza nani amenituma. Nikasema kiu. Akauliza tunakunywa maji gani. Nikafungua mdomo kueleza, lakini Mama Kulwa alikwisha simama.

"Bwana Shauri," alisema, "maneno ni mengi. Twende ukaone."

Akatangulia tu, hakugeuka kutazama kama anafuatwa. Na Mzungu akamfuata. Polisi wakafuata. Sisi tukabaki tukiwatazama wanashuka lamboni, mama mfupi na mtoto mgongoni, serikali nzima nyuma yake.

Walipanda baada ya muda mrefu. Viatu vya Bwana Shauri tope mpaka juu. Hakumtazama mtu. Akaingia ofisini na Bwana Meneja, mlango ukafungwa. Tulisikia sauti, kwanza mbili, kisha moja.

Akatoka akasema kwa sauti ya kusikika nyuma kabisa: "Bomba litaletwa Kambi ya Chini. Kazi inaanza kesho. Mpaka liishe, gari la mgodi litaleta maji. Na mama huyu atakaa kwa mume wake. Haya, nendeni mkapike."

Tumeshinda.

Niandike tena. Tumeshinda. Bila jiwe, bila tusi, bila mtu kufukuzwa. Tumeshinda sisi wa kanga na vyungu. Sikumbuki nilirudije nyumbani, nakumbuka nilibebwa. Nyapara alisaidia kushusha maji kutoka kwenye gari, shati limelowa, na wanawake wakamwelekeza pa kumimina.

Salim amekula sahani mbili. Nikamwambia njaa ilikuwa karibu imwangushe jana. Akasema, "Siyo njaa iliyotetemesha mkono ule, Zuhura." Akaendelea kula.

Jumamosi, 5 Septemba

Bomba limefunguliwa leo. Bwana Meneja alikuja na mkewe na mpiga picha, akasimama kando ya bomba na kutabasamu kama aliyetuletea zawadi. Apigwe picha. Picha hainywewi.

Mama wa Kinyasa ndiye tuliyemtanguliza. Hakuna aliyepanga, watu walisogea tu wakampa njia. Alikinga mikono, akanywa. Kisha akajaza chungu chake akaondoka. Baada yake ndipo ngoma ilipoanza. Wasukuma wamenitungia wimbo: eti mdomo wa Mama Mombasa unalia kushinda honi ya mgodi. Nimecheza. Mimi, niliyesema ngoma zao ni za kurusha vumbi! Nimerusha vumbi mpaka buibui limegeuka rangi.

Maji yana ladha ya chuma. Ni matamu.

Gazeti limesema Kenya bado moto. Wale wanadai jambo kubwa kuliko bomba, sijilinganishi nao. Lakini nimeona Mzungu akibadili neno alilokwisha kulisema. Nimeona kwa macho yangu. Aliyeona mara moja hawezi kuambiwa tena kwamba haiwezekani.

Hilo pia Salim ameniomba nisilisemee dukani. Nilikwisha lisema asubuhi.

Jumatano, 14 Oktoba

Mvua ya kwanza. Ilianza saa za alasiri, matone makubwa, harufu ya udongo ikaingia mpaka chumbani. Salim amelala, ametoka zamu. Kwa jirani Kulwa na Doto wametoka uchi wanakimbizana uani, mama yao anawaita bila kukaza sauti.

Mwaka jana mvua kama hii ilinikuta mbio, nimepanga kila chombo chini ya paa kukinga maji.

Leo nimeketi mlangoni nikaitazama inanyesha. Sikutoa hata ndoo.