Sufuria Ukunguni

Kambini, upande wa mashariki wa milima, Montana
Jumapili asubuhi

Dada yangu Ardis,

Pokea salamu zangu zikiwa na harufu ya moshi wa kuni, maana nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye gogo, karatasi juu ya paja na moto karibu na miguu. Je, hujambo? Goti lako linaendeleaje? Na Mama, bado anaamka alfajiri kugombana na kuku? Mwambie mikate yake ya viazi haikufika hata mpakani mwa jimbo letu. Delmar aliipaka siagi na sukari akaimaliza huku akiendesha, kama mtoto aliyetoroka shule. Sisi hatujambo. Simu yangu imekufa tangu tuingie milimani, kwa hiyo usiniwazie mabaya kwa kutonisikia.

Kwanza nikushukuru kwa hema. Siku ile ulipolitupa sebuleni kwetu ukasema, "Verna, mtoe huyu mzee nje kabla hamjageuka fanicha nyote wawili," nilikasirika kidogo, ingawa sikuonyesha. Delmar alinuna hadi chakula cha jioni. Lakini kesho yake nilimkuta uani akivipanga vigingi vya hema, midomo ikimwenda, akivitukana kimoja kimoja.

Wewe umeyaona maisha yetu tangu madaktari wamwondolee mume wangu koo la sauti. Mtu ambaye sauti yake ya kunadi ng'ombe ilisikika mpaka barabara kuu, milango ya mnada ikiwa imefungwa, sasa anapumua kwa tundu la shingoni na kusema kwa midomo mitupu. Kile kifaa cha kutolea sauti cha kubandika kooni alikijaribu mara moja tu. Mbwa alikimbilia chini ya kitanda, naye akakirudisha hospitali. Basi nimekuwa mimi ndiye sauti yake, benki, kanisani, kwa fundi wa magari. Anasema hivi, anasema vile. Nashinda nikisema kutwa nzima, na jioni naona sikusema hata neno moja langu mwenyewe.

Tulishika njia ya kaskazini. Mimi na wewe tumezaliwa kwenye tambarare, tukaacha kuiona, kama mtu aachavyo kuuona ukuta wa jikoni kwake. Safari hii niliiona. Nyasi zilikuwa zimefika kiunoni, na upepo ulizilaza na kuziinua mpaka nikahisi gari limesimama na nchi ndiyo inayokwenda.

Kwenye yale makorongo ya Dakota Kaskazini, nyati walituzunguka. Tulikuwa tumepinda kona, tukawakuta barabarani, madume kwa majike na ndama wao wekundu, wakipita bila haraka yoyote kama waumini wanaotoka ibadani. Delmar alizima injini. Dume mmoja alisimama upande wangu, Ardis, kichwa chake kikubwa kuliko mlango wa gari, na pumzi yake ikakifunika kioo changu kwa ukungu. Nilisikia nyasi zikisagwa kinywani mwake. Sikuogopa. Nilihisi tu kwamba mimi ni kitu kidogo sana kilichoruhusiwa kuwapo. Nilipogeuka kumtazama Delmar, nikakuta midomo yake inakimbia. Alikuwa ananadi! Bila sauti hata chembe, alikuwa akimnadi yule dume, bei ikipanda na macho yake yakiwatafuta wanunuzi kule nyuma ya vichaka. Alipoona namtazama akaacha. Akasema kwa midomo, "Huyu hakuna mwenye mfuko wa kumtosha."

Tulipoingia Montana tukaifuata ile barabara ya kaskazini, sambamba na reli. Alasiri moja tuliona mvua tatu kwa wakati mmoja, kila moja mahali pake, kila moja na radi yake, zikitembea juu ya mashamba kama wanyama wenye miguu mirefu ya kijivu. Katikati yao ngano iliwaka jua. Delmar alisimamisha gari kando, akashuka, akavua kofia. Wewe unamjua, kofia haivui hata mezani. Tulisimama pale hadi mvua ya mawe ilipotufikia ikaanza kutupiga mabegani, tukarudi garini tukikimbia na kusukumana mlangoni.

Karibu na Browning tulinunua mikate ya kukaanga kwa mama mmoja wa kabila la Blackfeet, wale wenyeji wa asili, aliyekuwa na meza yake kando ya kituo cha mafuta. Alimwuliza Delmar anataka ya asali au ya nyama. Delmar akaonyesha kidole. Mama akamwuliza tena, kisha akanigeukia: "Huyu mzee wako anaringa, au?" Nikamweleza kwamba hana sauti, alikatwa. Alimtazama vizuri, akampa mkate mkubwa kuliko yote, akasema, "Una bahati, dada. Wangu anayo, na haijapumzika tangu tuoane." Delmar alicheka mpaka hewa ikapiga filimbi shingoni. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anacheka mbele ya mgeni tangu majira ya baridi.

Kutoka pale, milima. Niliona weupe mwishoni mwa tambarare nikadhani ni mawingu. Delmar alinigusa bega: "Mawingu hayo yana mizizi." Kadiri tulivyokwenda ndivyo yalivyozidi kupanda, mpaka ikanibidi niinamishe kichwa chini ya kioo ili nione vilele. Hakuna vilima vya kukuandaa, dada. Nyanda zinakwisha, na mawe yanaanza, yanakwenda juu mpaka theluji. Nililia, wala sikujua nalia nini. Delmar hakuniuliza. Alipunguza mwendo tu.

Sasa nikueleze yaliyotupata siku ya Ijumaa.

Binti mlinzi wa hifadhi alikuwa ametuonya kuhusu dubu. Alisema ukitembea sharti upige kelele, uongee kwa nguvu, dubu akusikie kabla hajakuona. Delmar akamwonyesha shingo yake. Binti wa watu akawa mwekundu, akaomba radhi, kisha akasema, "Basi mzee, chukua sufuria na kijiko. Dubu hawajali ni wimbo gani." Kwa hiyo tulipopanda kwenye pito la juu kati ya vilele, Delmar alifunga sufuria kwenye mkoba wake.

Kule juu tukagombana. Upepo ulikuwa wa baridi, nami nikamwambia afunge skafu shingoni, kwa sababu hewa baridi ikiingia moja kwa moja kwenye lile tundu humkohoza vibaya. Akasema atafunga akitaka. Nikaikamata skafu niifunge mwenyewe. Akaushika mkono wangu, midomo ikasema kwa mkato, "Mimi si ndama wako." Nikamwambia vizuri, basi ajilee mwenyewe, nakwenda kutembea kidogo. Nikamwacha amekaa juu ya jiwe, nikafuata njia kupitia maua, nikapita kona, nikapita nyingine.

Ukungu haukuja, ulishuka. Muda mfupi tu nyuma ulikuwa kileleni, mara ukawa begani kwangu, mara siioni njia. Nilijua kushoto kuna genge, mwamba uliokatika hadi bondeni. Nikakaa chini palepale.

Basi Delmar akaona ukungu, akaona sirudi. Hawezi kuita. Midomo yake ndani ya ukungu ni sawa na maandishi gizani. Akatoa sufuria akaanza kuipiga. Na hakuipiga ovyo, Ardis. Aliipiga kwa mwendo wa mnada, harakaharaka, kisha pigo moja la kusubiri, kisha harakaharaka tena, jinsi alivyokuwa akinadi siku zake zote. Hakuna mwingine duniani anayepiga hivyo. Nikainuka, nikaitika, nikaufuata mlio kwa kupapasa mawe. Nilimkuta amepiga magoti, sufuria kando yake, anakohoa mpaka midomo imegeuka rangi. Nikavua koti langu nikamvika, nikamfunga skafu, nikamsugua mgongo mpaka pumzi ikarudi. Safari hii hakubisha.

Kambini habari zimeenea. Familia moja kutoka Saskatchewan imetuletea pai ya matunda pori. Kila mtu anamwita shujaa, na wengine wameomba kuiona sufuria yenyewe, ambayo imebonyea mpaka haifai tena hata kuchemshia yai.

Hayo ndiyo tuliyowaambia watu. Wewe nakuambia na mengine, kwa sababu sitaki kuyabeba mpaka nyumbani.

Niliisikia sufuria tangu pigo la kwanza. Sikuitika.

Nilipokuwa nimekaa pale ukunguni, kitu kilisogea mbele yangu, nikadhani ni theluji. Walikuwa mbuzi wa mlimani. Walitoka mmoja mmoja ndani ya ule weupe, nao weupe hivyohivyo, manyoya yakining'inia kwenye ndevu na magotini. Jike mmoja alikuwa na mwanawe. Walinipita karibu kiasi kwamba niliiona mboni ya jicho lake, ya dhahabu, nayo ikanitazama bila kunitaka chochote. Hakutaka nimwongelee, wala nimfunge skafu. Kwato zao ziligusa mawe taratibu. Kisha ukungu ukafunguka chini yangu kama pazia, nikaliona bonde zima, ziwa la kijani kule chini, na maporomoko ya maji membamba kama nyuzi. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa dunia na hakuna aliyenihitaji. Na nyuma yangu sufuria inalia.

Ningeweza kupiga kelele. Mimi ndiye mwenye sauti kati yetu. Nilijua kila pigo linamgharimu pumzi. Lakini nilisikiliza, dada, na nilifurahi. Kwa mara ya kwanza tangu augue, yeye ndiye anayenitafuta mimi. Nikajiambia niache apige kidogo tu. Halafu kidogo tena. Mbuzi wakapita wote, ukungu ukafunga, nami bado nimenyamaza.

Kisha sufuria ikanyamaza.

Sijapata kusikia kimya kama kile. Milima yote ilinyamaza juu yangu. Hapo ndipo niliponyanyuka nikapiga ukelele wa jina lake, nikakimbia penye genge bila kuangalia ninakanyaga wapi. Mengine umeshayasoma.

Jana nilishindwa kula ile pai. Leo asubuhi, tukiwa tunakunywa kahawa, nikamwambia. Nilisema, "Delmar, nilikusikia mapema. Nilikusikia tangu mwanzo, na sikuitika."

Aliweka kikombe chini. Nilitazama midomo yake kama mshtakiwa anavyomtazama hakimu. Ikasema, "Najua."

Nikamwuliza amejuaje. Akasema taratibu, ili neno lisinipotee: "Katika kila mnada kuna mmoja ambaye moyoni ameshaamua, ila mkono hainui. Anatazama viatu vyake tu. Dalali mjinga humkatia tamaa akagonga nyundo. Mimi huendelea kumwita, maana najua hajaondoka." Kisha akaongeza, "Ila wewe ni mgumu, mke wangu. Hata mzee Tollefson, yule bahili wa mnadani, angekuwa ameshanunua."

Nilicheka na kulia kwa pamoja, kahawa ikanimwagikia magotini. Alingoja nimalize, akaniuliza, "Umechoka, Verna?" Kila mtu ameshaniuliza hivyo, na wewe pia, na kila mara nimejibu hapana. Nikamjibu, "Ndiyo. Nimechoka sana." Akaitikia kwa kichwa. Akanyanyuka, akajifunga skafu mwenyewe, vibaya, akachukua ndoo akaenda zake.

Ndiyo maana nimepata nafasi ya kukuandikia. Kutoka hapa namwona kule bombani anaongea na yule binti mlinzi. Anataka kuni, nadhani. Anakata hewa kwa mkono, anaonyesha urefu, binti anakisia anakosea, wote wawili wanacheka. Amenitazama mara moja, kuhakikisha siji kumsaidia. Siendi. Jua limeshika vilele, na theluji imekuwa rangi ya pichi.

Tutakaa hapa mpaka vyakula vituishie. Usimsomee Mama ile sehemu ya genge. Wasalimie shemeji Lowell na watoto, na watu wa kwaya, na umwambie mchungaji tupo. Mungu awalinde nyote, nawe ulichunge hilo goti, usipande ngazi ya ghalani peke yako.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Verna