Aliyeandikwa Mama

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepoa. Mimi ni mzima, ila nimekwama. Ofisi ya vitambulisho imenikatalia. Cheti changu cha kuzaliwa kinasema wewe na marehemu baba ndio wazazi wangu, nanyi mlizaliwa ng'ambo ya mpaka. "Basi wewe ni mgeni," karani aliniambia. Nilimweleza kwamba mama mdogo, aliyezaliwa huku, ndiye aliyenizaa akawapa ninyi mnilee. Akasema, "Aliyeandikwa aje aape kwamba hakukuzaa." Nisipopata kitambulisho, hospitali itanisimamisha kazi mwisho wa mwezi.

Nisaidie, mama.

Mwanao

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Magoti hayajapoa, na barua yako haikuyasaidia.

Ulikuwa na siku nane mdogo wangu alipokuweka mapajani pangu mbele ya wazee wa pande zote. Yeye alikuwa na wanne. Mimi sikuwa na hata mmoja. Hakuna aliyeona haja ya kuiuliza serikali. Nilipokwenda kukuandikisha, karani aliuliza mama ni nani. Nikajibu ni mimi. Sikumdanganya. Nimetii sheria maisha yangu yote, hata zile za kipuuzi, lakini hii inataka niape kwamba wewe si wangu. Siapi.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Jana nilirudisha sare za uuguzi. Usijilaumu. Mama mdogo amenipigia simu. Yuko tayari kuapa, ila bila wewe kiapo chake hakitoshi. Nimemwambia asikusumbue. Sitaki kadi inayopatikana kwa kukufuta wewe.

Mwanao

11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Tumekwenda kwa wakili, mimi na mdogo wangu. Wakili alikuwa amekwisha kuandika mstari mmoja: "Mimi si mama wa mtajwa." Nikamrudishia karatasi kama daftari la mwanafunzi mvivu. Nikamtaka aufute mstari huo, aandike kwamba mdogo wangu alizaa, kwamba nilikabidhiwa mbele ya wazee, na kwamba nimelea. Akasema, "Bibi, sheria haiulizi hayo." Nikamjibu, "Haiulizi, lakini nafasi ipo hapo chini." Mdogo wangu akacheka hadi akakohoa. Wakili akaandika. Nikaapa, kwa kuwa kila neno lilikuwa kweli.

Kiapo kimo humu. Sijui kama karani atasoma mpaka chini, wewe kipeleke. Wakikuandika mtoto wa mdogo wangu, kubali, urudi kwa wagonjwa wako. Ila ukija likizo, ufikie hapa. Kule utakwenda kusalimia tu.

Mama yako