Kikao cha Kupambanua Uyoga wa Njano na Kufunguliwa kwa Meza Yetu

CHAMA CHA WAOKOTA UYOGA WA MSITUNI
Kikao cha dharura, Jumamosi, saa 2:30 asubuhi, stoo ya soko

Waliohudhuria: Mwenyekiti (muuguzi mstaafu), Makamu, Katibu, Mkaguzi wa zamani, wajumbe kumi na wanne.
Mgeni: Afisa Afya wa soko.
Hakuhudhuria: Mhazini, anauguza.

KUMB. NA. 1/5: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao na kuomba simu zizimwe. Katibu aliomba iandikwe kwamba Mkaguzi wa zamani ni shangazi yake. Makamu alisema hilo halikuwa siri kwa mtu yeyote.

KUMB. NA. 2/5: YALIYOTOKANA NA KIKAO KILICHOPITA
Wajumbe walikumbushwa kwamba Mkaguzi, aliyekuwa akipima uyoga kabla haujauzwa, aliondolewa kwenye meza yetu ya sokoni kwa hoja ya Makamu, kwa sababu ya mtoto wa jicho. Makamu akashika nafasi yake, akikagua kwa kitabu chake cha picha. Wiki mbili baadaye fundi cherehani na mkewe walikula uyoga wetu, wakatapika hadi wakalazwa. Wamepona, lakini meza yetu imefungwa tangu siku hiyo. Makamu alishikilia kwamba uyoga mbaya ulitoka kwenye kikapu cha Mkaguzi mwenyewe.

KUMB. NA. 3/5: JARIBIO
Afisa Afya alieleza kwamba meza haitafunguliwa mpaka chama kionyeshe nani anaujua uyoga wa njano na nani anabahatisha. Aliweka mezani uyoga ishirini wenye namba, wote wa njano, na majibu kwenye bahasha iliyofungwa.

Makamu alianza. Alilinganisha kila mmoja na picha kwa muda wa dakika arobaini. Alikubali kumi na saba.

Mkaguzi aliomba kiti. Hakuuinua hata uyoga mmoja machoni. Alipitisha kidole chini ya kofia, akachana shina, akanusa. Mwenyekiti alimwomba aeleze anachofanya ili wajumbe wajifunze. Alisema:

“Huu wetu chini ya kofia una mikunjo, imeshikana na nyama yake na inateremka mpaka shinani. Ukiuchana, ndani ni mweupe, na unanukia tunda lililoiva. Ule ndugu yake mbaya una kurasa nyembamba kama za daftari, ukucha unazibandua. Ndani ni wa njano vilevile, na huota kwa mafungu juu ya gogo bovu. Rangi ni nguo tu. Mtu hatambuliwi kwa nguo.”

Alikubali kumi na minne, akakataa sita. Ilimchukua dakika tisa.

Bahasha ilifunguliwa. Mkaguzi alipata yote ishirini. Makamu alikuwa amepitisha mitatu yenye sumu. Wajumbe walipiga makofi mpaka wauza nguo wa jirani wakaja kuchungulia. Mwenyekiti aligonga meza mara nne bila mafanikio, kisha naye akapiga makofi.

KUMB. NA. 4/5: KAULI YA MAKAMU
Makamu aliomba nafasi. Alisema uyoga wa fundi cherehani aliukagua yeye, na aliuokota yeye, kwenye magogo nyuma ya kiwanda cha mbao. Alijua tangu siku ya pili na akaona haya kusema. Alimgeukia Mkaguzi: “Dada, nilikutupia mzigo wangu. Nisamehe.”

Mkaguzi alijibu kwamba amesamehe, ila kwanza aende kwa fundi cherehani akayaseme hayo hayo mbele ya mkewe. Makamu alikubali kwenda leo.

KUMB. NA. 5/5: MAAZIMIO
Mkaguzi amerudishwa mezani kwa kura zote, ya Makamu ikiwemo. Kila mjumbe, Makamu akiwa wa kwanza, atajifunza kwa Mkaguzi kutambua uyoga kwa vidole. Uyoga wenye shaka hautauzwa, hata aseme nani. Afisa Afya alitia saini kibali cha kufungua meza papo hapo.

Kikao kiliisha saa 4:10 asubuhi. Agenda ya mengineyo haikujadiliwa, kwa kuwa mvua iliyoanza alfajiri ilikuwa imekatika na wajumbe walikwisha kubeba vikapu kuelekea msituni, Mkaguzi akiwa mbele.

Mwenyekiti: (saini)
Katibu: (saini), mtoto wa kaka yake Mkaguzi, na anaandika hivyo kwa fahari.