Kibali cha Muziki wa Dukani

Jumatatu, 14 Julai
Saa mbili nimefungua. Vitenge nje, spika mlangoni, sauti juu. Kariakoo ukikaa kimya hakuna anayekuona. Saa nne kaingia bwana mmoja wa ofisi ya hakimiliki, kitambulisho shingoni, anataka nimwonyeshe kibali cha kupigia wateja muziki. Nikamwonyesha flashi kwa madaha. Nyimbo mia tano, nimenunua sokoni Mchikichini kwa pesa yangu. Alicheka mpaka akakaa. Kumbe nilinunua flashi tu, nyimbo zina wenyewe. Kaniachia barua. Siku saba niwe nimelipia kibali.

Hasira zikanipanda. Nikapayuka duka zima lisikie, mpaka fundi kwenye cherehani: wanamuziki wavivu, wanataka kula jasho letu.

Jumanne, 15 Julai
Bi Mwanahawa, fundi wangu wa kushona, hajaja. Miaka sita hajakosa hata siku moja. Simu hapokei. Spika nimezima. Magauni ya harusi ya Jumapili yako mezani, hayana mikono. Naogopa.

Jumatano, 16 Julai
Hajaja.

Jirani wa duka la viatu kanifumbua macho. Marehemu mume wa Bi Mwanahawa alikuwa mpiga gitaa wa bendi. Wimbo ninaofungulia duka kila asubuhi, gitaa ni lake. Na mimi nikamtusi mbele ya mkewe. 

Alhamisi, 17 Julai
Nimefunga duka, nikaenda kwake Magomeni. Nimekaa mkekani, nikaomba radhi. Hakunifokea. Afadhali angefoka.

“Mwanangu, yule mtu alikuwa akipiga mpaka vidole vinachubuka. Huo uvivu aliufanya saa ngapi?”

Nikalia. Akanimiminia chai. Kidogo anachopata kutoka kwenye vibali, kwa nyimbo za mumewe, ndicho kinamnunulia dawa za presha. Sikuwahi hata kuuliza.

Ijumaa, 18 Julai
Nimelipia kibali. Sikunung'unika, na mimi nilivyo, huo ni muujiza. Cherehani bado iko kimya. Sijui kama atarudi.

Jumamosi, 19 Julai
Karudi. Kasalimia, kakaa, kaanza na mikono ya magauni. Nimewasha spika, sauti ya chini.

Mchana kanieleza alivyofika hapa mara ya kwanza. Alikuwa anapita zake kwenda kununua uzi. Akasikia gitaa la mumewe linatoka dukani kwangu, akasimama, akaingia. Hakujua aseme nini, akaniuliza kama nina kazi.

Miaka yote hii nilidhani nilimpata kwa bahati. Nashukuru sana. Magauni yamechukuliwa saa kumi.