Usimlete Tatu Kwangu

Kibamba, Dar es Salaam

Kwako mdogo wangu Zainabu,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe na wote waliomo humo nyumbani Newala. Goti lako limepoa? Mimi ninapumua; mtu wa umri wangu hapaswi kudai zaidi ya hapo.

Korosho ulizompa dereva zimefika, na barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema binti yako Tatu amekuwa mkaidi, shule haitaki, nawe unataka kumpandisha basi aje kwangu "anyooshwe kama Mwajuma". Nilikuwa nimekwisha kumtayarishia kitanda. Jumapili niligawa korosho, nikampelekea mwanangu Salumu fungu lake kule Wazo.

Salumu sasa ni fundi wa kuchomelea mageti, ana mke na mtoto. Kwangu huja sikukuu tu, husimama mlangoni, kisha huondoka. Mkewe alipoona mfuko alicheka.

"Hee, baba! Unataka kuniacha mjane? Mume wangu hali korosho. Akila moja tu, midomo inavimba, pumzi inambana."

"Tangu lini?"

Salumu hakuinua macho. "Tangu utotoni, mzee. Wewe ulikuwa unasema nimenuna."

Ni kweli, Zainabu. Dada yake Mwajuma alikula chochote alichopewa, alichapwa na kesho yake akaamka mapema zaidi. Nikaona njia nimeipata. Alipokuja Salumu, sikumtazama. Nilimtafuta Mwajuma ndani yake. Nilimpa madaftari ya dada yake ayanakili, ukurasa kwa ukurasa. Alipoacha korosho sahanini nilimchapa kwa kuringia chakula. Midomo ilipotuna nilimchapa tena, kwa kununa.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia. Ukasema mbona Mwajuma anakula. Mama ndiye aliyekuwa anazila, wewe ukigeuka."

Marehemu mke wangu aliishi na siri hiyo ndani ya nyumba yangu, akaenda nayo kaburini, kwa sababu aliniogopa. Nimefundisha watoto wa watu maisha yangu yote, nikasifiwa. Wangu walikuwa wawili tu, sikuwajua. Hata huyo Mwajuma, leo siwezi kusema kama alipenda kusoma au alikuwa akikimbia fimbo.

Nilipoaga, Salumu alinisindikiza hadi barabarani, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya. Nikadhani amenisamehe.

"Mzee," akasema, "dada kaniambia Tatu anakuja kwako. Mwache kwa mama yake." Akageuka, akarudi kwake.

Basi usimlete. Najua utasema kaka amezeeka, amekuwa mchoyo. Sema. Kitanda nimekwisha kukitoa. Lakini barua yako nzima imejaa makosa ya Tatu, na hukuandika hata kitu kimoja anachokipenda, wala kimoja anachokiogopa. Kama unavijua, una haja gani na mimi? Kama huvijui, kamwulize sasa, na akijibu, usimtajie mtoto wa mtu.

Nisalimie shemeji yangu, mumeo. Na shangazi yetu ambaye macho yamemchoka, asomewe barua hii yote, asifichwe. Watoto wako wengine wape salamu kwa pamoja. Tatu mpe zake peke yake.

Ni mimi kaka yako,
Mwalimu Issa